"Ajira ya kudumu": inadumu kwa nani, na kwa muda gani?

Mwezi uliopita, katika mtaa usio mbali na stesheni ya Tabora, kijana wa jirani yangu alirudi nyumbani na barua ya aya tatu. Mwajiri wake, kampuni kubwa yenye matawi karibu kila mkoa, ilimjulisha kwamba mkataba wake wa mwaka mmoja, ambao ulikuwa umekwisha kuhuishwa mara tatu, usingehuishwa tena. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na tafsiri zake. Mmoja alisema kijana amefukuzwa, na anayefukuzwa hakosi kosa. Mwingine alisema amepunguzwa, kwa hiyo atalipwa kiinua mgongo. Wa tatu alisema hana haki yoyote, kwa kuwa mtu "wa mkataba" si mwajiriwa. Babu yake, aliyestaafu reli baada ya kuitumikia kwa miaka 36, alisema tu kwamba vijana wa siku hizi hawatulii sehemu moja. Wote wanne walikosea, kila mmoja kwa namna yake, na kosa la babu ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Barua ililetwa kwangu kwa sababu niliwahi kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na mtaani kwetu aliyewahi kushika nafasi hiyo huhesabiwa kuwa nusu ya wakili, jambo ambalo si kweli. Nilichoweza kufanya ni kuyatenganisha maneno yaliyokuwa yamechanganywa, na humo ndimo tuanzie.

Maneno kabla ya lawama

Neno linalozua mkanganyiko kuliko yote ni "mkataba". Husemwa kwamba fulani "ana ajira" na fulani "yuko kwenye mkataba", kana kwamba wa kwanza hana mkataba na wa pili hana ajira. Kila mwajiriwa ana mkataba. Tofauti iko kwenye muda wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inataja mikataba ya aina tatu: usiotaja muda wa kuisha, wenye muda maalumu, na wa kazi mahususi. Huo wa kwanza ndio tunaouita ajira ya kudumu.

Mfano wa nyumba za kupanga unatosha kuonyesha tofauti. Yuko mpangaji anayelipa kodi bila tarehe ya kuondoka kutajwa popote; anaweza kukaa miaka 20, akaoa humo na kusomesha humo, lakini nyumba haigeuki kuwa yake, na mwenye nyumba akiwa na sababu ya haki na akifuata utaratibu, anaweza kumtaka ahame. Huyo ndiye mwenye ajira ya kudumu. Yuko mpangaji wa miezi sita, ambaye tarehe ya kuondoka imeandikwa tangu siku ya kuingia. Huyo ni wa muda maalumu. Kisha yuko fundi aliyeitwa kuezeka paa, ambaye analala kwenye banda la uani mpaka bati la mwisho ligongwe. Paa likikamilika anafunga virago, na hakuna anayesema amefukuzwa. Hao wote watatu wana makubaliano na mwenye nyumba, na wote watatu wana haki, ila haki zao hazilingani.

Neno la kudumu, basi, limewaponza wengi kwa sababu linaahidi zaidi ya kinachoandikwa. Maana yake ni kwamba tarehe ya mwisho haijatajwa. Halina maana kwamba mwisho haupo.

Njia za kutoka kazini nazo huchanganywa. Kufukuzwa ni kuachishwa kwa sababu iliyo kwa mfanyakazi mwenyewe, kama vile utovu wa nidhamu, na sheria inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kupunguzwa ni kuachishwa kwa sababu iliyo kwa mwajiri: biashara imeshuka, mashine mpya imeletwa, au idara mbili zimeunganishwa kuwa moja. Aliyepunguzwa hana kosa, na mwajiri anawajibika kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kuhusu njia za kuepuka hatua hiyo, vigezo vya kuwateua watakaoondoka, na malipo. Kutohuishwa ni jambo la tatu kabisa: tarehe iliyoandikwa imefika, na upande mmoja hautaki kuandika nyingine.

Hapo ndipo ilipokuwa barua ya kijana wetu. Hakufukuzwa, kwa hiyo wa kwanza alikosea, na ubaya wake ni kwamba maneno ya namna hiyo humfuata mtu hata kwenye posa. Hakupunguzwa, kwa hiyo wa pili naye alikosea. Kiinua mgongo cha kisheria hakimhusu mtu ambaye mkataba wake umefika mwisho kwa tarehe. Wa tatu alikosea zaidi, kwa sababu sheria hiyo hiyo inatambua kwamba mwajiri anayekataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu, ilhali mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba ungehuishwa, anaweza kuhesabiwa kuwa amemwachisha kazi. Kuhuishwa mara tatu kwa kazi ile ile, dawati lile lile na msimamizi yule yule ni hoja inayoweza kupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Si ushindi wa hakika, kwa kuwa Tume hupima ushahidi, hususan maneno ya mkataba wenyewe na ahadi alizopewa mfanyakazi. Lakini ni hoja, na ina saa inayokimbia: malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30. Nimewaona watu wakimaliza siku hizo kwa kulalamika kijiweni.

Kuna kundi la nne ambalo mtaani halina jina la kueleweka: walioajiriwa kupitia wakala. Hawa huvaa sare ya kampuni kubwa na kuitikia simu kwa jina la kampuni kubwa, lakini slipu ya mshahara inatoka kwa kampuni nyingine ndogo ambayo wengi wao hawajui ofisi yake iko wapi. Kampuni kubwa ikivunja makubaliano na wakala, watu 40 wanaweza kukosa kazi siku moja bila kampuni hiyo kuandika hata barua moja ya kumwachisha mtu.

Sheria huacha kuhesabu mwaka wa kumi

Kabla ya kufika kwenye historia, nieleze jambo moja ambalo kila nilipolitaja watu walidhani natania. Kiinua mgongo cha chini kinachotakiwa na sheria, kwa mfanyakazi aliyemaliza miezi 12 au zaidi na akaachishwa na mwajiri bila kosa, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi, na hesabu hiyo inakoma kwenye mwaka wa 10. Aliyetumikia miaka mitatu hulipwa siku 21. Aliyetumikia miaka 10 hulipwa siku 70, yaani kiasi ambacho hakifiki mishahara mitatu ya mwezi. Aliyetumikia miaka 25 hulipwa siku zile zile 70.

Hicho ni kiwango cha chini, na mkataba wa hiari kati ya chama na mwajiri unaweza kuweka kingine kilicho bora zaidi. Mashirika mengine hufanya hivyo. Hata hivyo inafaa kukitazama vizuri, kwa sababu kinaeleza hali yetu kuliko hotuba nyingi. Mfanyakazi ambaye amekaa muongo mmoja na sasa anaanza muongo wa pili hajiongezei hata siku moja ya kinga kwa kuendelea kukaa. Sisemi kwamba waliotunga sheria walikusudia kuukomesha uaminifu kwenye mwaka wa kumi. Nasema kwamba anayewalaumu vijana kwa kuhama angeanza kwa kuisoma hesabu hiyo.

Kazi ya safari moja, kazi ya maisha

Watu huzungumza kana kwamba ajira ya maisha ndiyo desturi ya zamani na mkataba mfupi ni uzushi wa juzi. Kwa Tabora, kinyume chake ndicho kilicho karibu na ukweli. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote kwenye njia ya misafara kati ya Ujiji, Unyanyembe na Bagamoyo, na upagazi ulikuwa mkataba wa kazi mahususi kwa maana kamili: mtu alikubaliana ujira na posho, akajitwika mzigo, akatembea miezi miwili au mitatu mpaka pwani, na mzigo ulipotuliwa makubaliano yalikwisha. Uaminifu ulikuwepo, lakini ulikuwa wa safari. Msafara uliokatisha posho njiani uliamka asubuhi na kukuta mizigo imelala chini na wapagazi hawapo.

Kazi ya maisha ililetwa na reli. Njia ya reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baadaye Tabora ikawa njia panda ya tawi la Mwanza, na Kaliua ikawa ya tawi la Mpanda. Reli ilikuwa mwajiri wa namna ambayo haikuwahi kuonekana huku. Dereva wa treni, fundi wa karakana, mshika ishara na hata kijana wa gengi anayekagua mataruma walikuwa na ujuzi uliochukua miaka kuupata, ujuzi ambao haukuwa na mnunuzi mwingine nchini. Anayejua kwa mlio tu kwamba injini fulani italeta shida ikipandisha mlima fulani hana mahali pengine pa kuuza elimu hiyo, na shirika nalo halina mahali pengine pa kuinunua. Pande mbili zinapofungwa na ujuzi wa namna hiyo, kukaa pamoja muda mrefu ni hesabu ya pande zote mbili.

Ndipo zikaja kota, matibabu, pasi za kusafiria bure na pensheni. Ni rahisi kuviona vitu hivi kuwa ukarimu. Wanauchumi huviita mshahara uliocheleweshwa, na mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge ataelewa mara moja. Katika mauzo ya mazao kupitia ushirika, mkulima alizoea kupokea malipo ya kwanza anapokabidhi mzigo, kisha kusubiri malipo ya pili. Anachokubali kupokea leo ni pungufu, kwa sababu anaamini kingine kinakuja. Mfanyakazi wa zamani alikubali mshahara mdogo ujanani kwa kuwa malipo ya pili yalikuwa uzeeni, na akivunja safari katikati, angeyapoteza. Uaminifu tunaousifu ulikuwa, kwa sehemu kubwa, imani kwamba malipo ya pili yatafika.

Hesabu hiyo haikuwa ya Tabora peke yake. Mwaka ule ule wa 1914 ambao reli ilifika Kigoma, kule Marekani Henry Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, uliozidi sana kiwango cha wakati huo. Mwaka uliotangulia kiwanda chake kililazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000 ili kubaki na watu wapatao 14,000, kwa sababu kazi ya kukaza nati moja kutwa nzima ilikuwa ikiwakimbiza. Wafanyakazi wale hawakuhubiriwa kuhusu uaminifu. Walilipwa, wakakaa.

Wala usalama wa kazi haukuletwa na waajiri peke yao. Mwaka 1947 mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulipanda na reli mpaka miji ya bara. Baada ya uhuru, serikali ilifunga milango ya migomo, lakini mwaka 1964 ikatunga sheria ya usalama wa ajira iliyomzuia mwajiri kumwachisha mtu kwa hasira za asubuhi, ikaweka orodha ya makosa na adhabu zake pamoja na kamati za wafanyakazi. Tunaweza kuyasoma mambo hayo mawili kama bei na bidhaa: mfanyakazi alinyang'anywa sehemu kubwa ya uwezo wa kugoma, na mwajiri alinyang'anywa sehemu kubwa ya uwezo wa kufukuza. Azimio la Arusha la 1967 lilipofanya mashirika ya umma kuwa waajiri wakuu, mpangilio huo ulikuwa umeshika mizizi.

Udhaifu wake ulikuwa kwamba malipo ya pili yalitegemea shirika kuendelea kuwapo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Wastaafu wa Jumuiya hiyo walidai mafao yao kwa miongo kadhaa, na wengi walizikwa wakidai. Kisha likaja wimbi la miaka ya 1990, ambapo zaidi ya mashirika 400 ya umma yaliwekwa kwenye meza ya kubinafsishwa chini ya tume maalumu ya urais, na neno "kupunguzwa" likaingia nyumbani kwa watu waliokuwa hawajawahi kulisikia. Watoto waliokua wakati huo, wakiwaona baba zao wakikaa barazani saa nne asubuhi siku ya Jumanne, ndio wazazi wa vijana tunaowaambia leo wawe waaminifu kwa kampuni.

Turudi kwa babu. Aliajiriwa mwaka 1976 na shirika la Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata mwajiri wake akawa Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 akawa Kampuni ya Reli Tanzania, ambayo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa zake. Mwaka 2011 ubia huo ulivunjwa na serikali ikairudisha mikononi mwake. Alistaafu 2012 kutoka karakana ile ile aliyoingia, miaka mitano kabla jina la Shirika halijarudishwa. Waajiri walipita juu ya kichwa chake kama mabehewa, yeye akiwa amesimama pale pale. Nilimuuliza kwa heshima zote, "Babu, katika hao wote, ulikuwa mwaminifu kwa yupi?" Alifikiri kidogo akanijibu, "Kwa injini."

Kwa nini makampuni makubwa yalibadilika

Jibu lake lina ukweli ambao vitabu vya biashara huuzungusha sana. Watu huwa waaminifu kwa kazi, kwa wenzao na kwa ujuzi wao. Kampuni ni chombo kinachobeba hivyo vyote, na chombo kikibadilisha njia, abiria nao hubadilisha hesabu.

Duniani mabadiliko hayo yanaweza kufuatwa kwa miaka. Mwaka 1970 mwanauchumi Milton Friedman aliandika kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida yake, na wazo hilo likapata wafuasi wengi katika vyumba vya wakurugenzi. Mwaka 1981 Jack Welch alishika uongozi wa General Electric, na katika miaka michache iliyofuata idadi ya wafanyakazi ikashuka kutoka wapatao 400,000 hadi karibu 300,000, huku soko la hisa likimshangilia. IBM, iliyojivunia kwa miongo mingi kwamba haipunguzi watu, iliiacha desturi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipokuwa ikipata hasara kubwa. Japani, ambako kijana wa kampuni kubwa aliingia akitoka chuoni na kutoka akiwa na mvi, iliendelea kuwalinda waliokwisha kuingia, lakini tangu uchumi wake udorore miaka hiyo hiyo imewaajiri wengi zaidi kwa vipindi na kwa muda mfupi.

Hapo ndipo uongo mmoja wa kijiweni unapodondoka, ule usemao kwamba kampuni inayopata faida haipunguzi watu. Januari 2023 Alphabet, mama wa Google, ilitangaza kupunguza watu wapatao 12,000, na mwaka uliokuwa umekwisha ilikuwa imepata faida ya karibu dola bilioni 60. Amazon ilitangaza kupunguza zaidi ya 18,000 mwezi huo huo. Zamani kupunguza watu kulikuwa dalili ya ugonjwa. Siku hizi makampuni mengi hukutumia kama mazoezi ya viungo.

Sababu ya ndani zaidi ni ujuzi. Nilieleza kwamba reli na fundi wake walifungwa na elimu isiyouzika kwingine. Leo karani wa benki anatumia programu inayofanana na ya benki ya jirani. Akihama Ijumaa, Jumatatu anaweza kuketi kwenye dawati jingine na kuanza kazi. Kwa upande mmoja hilo linampa uhuru wa kuondoka, na kwa upande wa pili linampa mwajiri uhuru wa kumwacha aondoke. Wote wawili wamefunguliwa pingu, lakini mwajiri ana akiba ya miezi mingi na karani ana akiba ya wiki mbili, kwa hiyo uhuru wao haulingani.

Mama ntilie wa pale sokoni anaeleza sababu nyingine bila kusoma popote. Alipoanza alikuwa na msichana wa kuosha vyombo, kijana wa kuchota maji na mwingine wa kuleta kuni. Siku hizi maji ananunua kwa wa mkokoteni na mkaa unaletwa na bodaboda. Amebaki na mpishi. Hakuwachukia wale vijana. Aligundua kwamba wateja wake hununua wali, hawanunui maji. Kampuni kubwa hufanya vivyo hivyo kwa walinzi, wasafishaji, madereva na wapokea simu, na kila kazi inayotolewa nje huondoka na ngazi yake. Zamani msafishaji wa shirika aliweza kuingia na ufagio na kustaafu akiwa karani wa ghala, kwa kuwa alikuwa ndani ya nyumba. Msafishaji wa wakala hana ngazi ya kupanda. Juu yake kuna wakala tu.

Lazima niongeze kwamba si kila mkataba mfupi ni hila. Vijana wengi wa mkoa wetu wamepata kazi kwenye ujenzi wa reli ya kisasa, ambayo imekwisha kuanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024 na inaendelea kujengwa kuja Tabora na kwenda Isaka na Kigoma. Kazi ya kujenga tuta kwa asili yake ni ya paa na fundi: tuta likikamilika, mkataba umekamilika. Lalamiko la haki linaanza pale ambapo kazi isiyo na mwisho, kama kuuza, kuhudumia wateja au kutunza hesabu, inakatwakatwa vipande vya miezi 12 ili mtu asihesabiwe kamwe kuwa amekaa.

Mzigo umehamia wapi

Usalama wa babu ulikaa kwa mwajiri: nyumba yake, daktari wake na uzee wake vyote vilikuwa na nembo moja. Usalama wa mjukuu, kwa kadiri ulivyopo, umehamia kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Mtumishi wa umma huchangia PSSSF na wa sekta binafsi huchangia NSSF, ambako asilimia 20 ya mshahara hupelekwa kila mwezi, kwa kawaida nusu ikitoka kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi. Namba ya uanachama ni ya mtu, haibadiliki anapobadilisha mwajiri, na pensheni ya uzee hutegemea kutimiza miezi 180 ya michango, hata ikiwa miezi hiyo imetoka kwa waajiri saba. Aliyepoteza kazi bila kujiuzulu, na ambaye amechangia angalau miezi 18, ana fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita.

Hili linabadilisha namna ya kuuliza swali. Anayehamahama hapotezi uzee wake, mradi michango imepelekwa. Neno "mradi" limebeba mzigo mzito hapo, kwa sababu wapo waajiri wanaokata na wasipeleke, na mfanyakazi hugundua akiwa na barua mkononi. Kijana wetu alipoangalia taarifa yake alikuta miezi yote ipo, tulishukuru.

Kisichohamishika ni mambo mengine. Benki haimkopeshi mtu wa mkataba kupita tarehe ya mwisho ya mkataba wake, kwa hiyo aliye na mwaka mmoja hukopa wa kununulia pikipiki, hakopi wa kujengea. Babu alijenga chumba baada ya chumba kwa sababu alijua mwezi wa Disemba wa miaka mitano mbele ungemkuta wapi. Mjukuu ana kiwanja Ipuli na msingi uliosimama tangu mkataba wa pili. Mwajiri naye hupoteza, ingawa hasara yake haionekani kwenye vitabu vya mwisho wa mwaka: mfanyakazi anayejua ataondoka hafundishi mgeni, haandiki alichokigundua, wala hasemi anapoona kosa linakuja polepole.

Siku ya tisa tangu barua ifike, kijana alijaza fomu ya Tume. Babu alitaka kumsindikiza, akaenda kwanza chumbani kutafuta vitambulisho, akarudi na bahasha ya kaki yenye barua yake ya ajira ya mwaka 1976, ambayo aliitunza pamoja na pasi zake za treni. Alinipa niisome kwa sauti, nadhani ili mjukuu asikie barua ya kweli inavyokuwa. Niliisoma: cheo, kituo, mshahara kwa shilingi, likizo. Aya ya mwisho ilisema kwamba upande wowote unaweza kusitisha ajira hii kwa kutoa notisi ya mwezi mmoja. Babu aliniomba niirudie aya hiyo, kisha akaichukua karatasi na kuisogeza karibu na dirisha.